Funguo za Mlingotini

Wazee wa Eldoret husimulia kwamba benki ya kwanza ya mji huu ilijengwa kuizunguka sefu. Mwaka ulikuwa 1912. Jina la Eldoret ndilo kwanza lilikuwa limetolewa, na watu wengi bado waliuita mji Sixty-Four, kwa kuwa posta iliyofunguliwa hapa 1910 ilikaa kwenye shamba nambari 64. Reli haikuwa imefika, ingefika 1924. Kila kitu kizito kilipanda nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, katika tope ambalo wenye malori ya mahindi wanalijua hadi leo. Sefu ya Standard Bank ilipoteremshwa hakupatikana wa kuiinua tena. Kuta zikasimamishwa palepale ilipotua, na benki ikafunguliwa.

Naipenda hadithi hii kwa sababu inaonyesha kilichoamua mali ya mji huu ilindwe wapi. Si mpango wa mtu, ni umbali na tope. Mimi ni fundi wa mitandao ya waifai, na kazi yangu nimeifanya hapa tangu siku ambazo antena moja juu ya paa iliwafanya wapita njia wasimame kuitazama. Nikiipanga historia ya kazi hii kichwani naona barabara tupu. Barabara ya kwenda Moiben wakati wa masika. Barabara ya Burnt Forest ilipofungwa. Barabara ya Nairobi ilipowekewa vizuizi. Kila mara barabara ilipokatika, sisi mafundi tulifungua mlango wa kuingilia vifaa kutoka mbali. Barabara ilipofunguka tena, mlango ule haukufungwa. Usalama wa waifai ya Eldoret, na wizi wake, vimezaliwa humo.

Waifai haikutangulia. Mwanzoni kulikuwa na simu ya waya na saiba. Shirika la Posta na Simu lilishika kila kitu hadi 1999, lilipovunjwa na kutoa Telkom, Posta na Tume ya Mawasiliano. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1998, Jambonet ilikuwa imezinduliwa, na kwa miaka kadhaa huo ndio uliokuwa mfereji mmoja halali wa kupitishia intaneti kutoka Kenya kwenda nje. Sisi wa Eldoret tulikuwa mwisho wa mfereji. Katika saiba za Uganda Road na Oginga Odinga Street mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alilipia dakika, akafungua barua pepe, akasubiri. Kompyuta nane au kumi ziligawana laini moja ya simu, na mteja wa tano alipoingia wote walijua. Usalama wakati huo ulikuwa mwepesi kueleza: mwenye saiba alifunga mlango wa mbao saa tatu usiku, akaweka kufuli, na mtandao wake ukalala ndani.

Kilomita zipatazo 25 kusini mwa mji, Mosoriot, jambo kubwa zaidi lilikuwa linaanza. Februari 2001 kituo cha afya cha pale kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Watu wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Joseph Rotich, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, akiwemo William Tierney. Kwa miezi sita ziliingizwa rekodi 10,000 za ziara za wagonjwa 6,190, kwenye hifadhidata ya Microsoft Access, na umeme wa akiba kwa sababu stima ya Mosoriot haikuwa ya kutegemewa. Mwaka huohuo mpango wa AMPATH ukaanza kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi kutoka Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na mahitaji ya rekodi yakapanda kwa kasi. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Chuo Kikuu cha Indiana wakaja Eldoret, wakaona mfumo wa Mosoriot hautatosha, na katika juhudi za kuupata ulio mkubwa zaidi ikazaliwa OpenMRS, programu ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi duniani.

Nautaja mfumo huo katika historia ya waifai kwa sababu ndio uliotufundisha, hapa mjini, kwamba kompyuta inaweza kubeba siri inayoweza kumvunjia mtu ndoa au kumfukuzisha kazi. Mwanzoni mwa miaka ile, kujulikana kuwa una virusi kulikuwa msiba wa pili juu ya ugonjwa. Karatasi za kliniki zilisafirishwa kwa gari hadi Eldoret ili ziingizwe kwenye kompyuta. Watu walizilalamikia kwamba zinachelewa. Mimi nasema karatasi ndani ya sanduku lililofungwa, mkononi mwa dereva anayejulikana kwa jina, ilikuwa na ulinzi ambao hewa haijawahi kuwa nao.

Hewa ilifunguka 2004. Mwaka huo Telkom ilipoteza haki yake ya kuwa peke yake, na watoaji wa intaneti wakaanza kupandisha antena zao kwenye majengo marefu. Eldoret ni mji wa uwanda. Ukisimama juu ya jengo la ghorofa sita katikati ya mji unaona mbali sana, na maghala ya nafaka yanatokeza kama milingoti iliyojengwa tayari. Antena mbili zikionana, hata kwa kilomita 20, mawasiliano yanapita kwa gigahezi 5 bila kuchimba mtaro wowote. Kilichokuwa kikitushinda ni mikaratusi. Ungefunga antena shambani Ziwa mwezi wa Januari, ukipima mawimbi na kuridhika, na baada ya misimu miwili ya mvua mikaratusi ya jirani ingekuwa imepanda hadi kusimama katikati. Mkaratusi hukua upesi, na jirani hakati mti wake kwa ajili ya barua pepe za mwingine.

Kwa hiyo vifaa vilihitaji kurekebishwa mara kwa mara: kubadili chaneli, kupunguza nguvu, kuwasha upya baada ya radi. Radi ya Uasin Gishu si ya mchezo. Kutoka mjini hadi shamba la maua au shule ya bweni upande wa Moiben, wakati wa masika, ni nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, pengine ukisukuma gari. Mteja hasubiri siku nzima ili fundi abonyeze kitufe kimoja. Hapo ndipo tulipoanza kuingia kutoka mbali.

Chombo cha kwanza kilikuwa telnet, kilichotangulia hata kuzaliwa kwangu; kilibuniwa 1969. Ukikitumia, jina lako na nywila yako vinasafiri wazi, herufi kwa herufi, na yeyote aliyekaa njiani anavisoma. Finland walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1995 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen, aliandika SSH baada ya mtu kutega mtandao wa chuo chake na kukusanya nywila za watu. SSH hufunga mazungumzo yote kabla hayajatoka, na humruhusu fundi kutumia ufunguo wa kidijitali badala ya neno la kukariri. Miaka kumi baada ya Ylönen, nyingi katika antena zilizoning'inia juu ya Eldoret bado zilikuwa na telnet iliyowashwa kwenye lango nambari 23. Zilikuja hivyo kutoka kiwandani, na aliyezipandisha alikuwa na haraka ya kushuka kabla mvua ya saa tisa haijaanza.

Zilikuja na majina ya kiwandani pia. Kila fundi wa Kenya aliyefanya kazi miaka ile anayajua: ubnt na ubnt kwa antena za Ubiquiti, admin bila nywila yoyote kwa MikroTik, admin na admin kwa rauta nyingi za dukani. Waifai yenyewe ilikuwa inalindwa kwa WEP, ambayo watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walikuwa wameonyesha udhaifu wake tangu 2001. WPA ilikuja 2003 na WPA2 2004, lakini kifaa cha zamani hakitupwi hapa kikiwa bado kinawaka, basi WEP iliendelea kutumika kwenye hoteli na ofisi zetu miaka mingi baada ya dunia kuiacha.

Kisha ikaja Januari 2008, mwezi wa ghasia za baada ya uchaguzi. Sitasimulia yaliyotokea Eldoret mwezi huo. Walioyapitia wako nasi, na Kiambaa si mbali na ninapoandikia maneno haya. Nasema tu lililohusu kazi. Barabara zilizuiwa kwa mawe na magogo. Kadi za simu ziliadimika, na zilizopatikana ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa. Maduka yalifungwa. Wakati huohuo mashirika ya misaada, makanisa na vituo vya afya yalihitaji mawasiliano kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa maonyesho na kwenye viwanja vya makanisa wakitafuta jamaa zao. Fundi hakuweza kufika. Basi ukurasa wa usimamizi wa kila rauta tuliyoifikia ukafunguliwa kwa nje, ili yeyote wetu aliyepata stima na laini, awe Nairobi, Kisumu au Kampala, aweze kuingia na kurekebisha. Nywila moja ikagawanywa kwa simu kwa mafundi wengi, wengine nisiowajua.

Lilikuwa jambo la haki, na ningelifanya tena. Lakini nimezikuta rauta hizo miaka mingi baadaye, kwenye dari za shule na nyuma ya kaunta za hoteli, ukurasa ukiwa bado wazi kwa dunia nzima na nywila ikiwa ileile ya Januari 2008. Hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kufunga. Anayefungua mlango wakati wa dhiki hulipwa kwa kuufungua. Wa kuufunga hakuajiriwa.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, SEACOM na TEAMS, na nyuzi za serikali zikaletwa hadi miji ya bara. Bei zikashuka, vifaa vikawa vingi. Kwa sisi mafundi badiliko lililokuwa kubwa zaidi halikuonekana na wateja. Anwani za intaneti za umma zilianza kuadimika, na kampuni nyingi zikawaweka mamia ya wateja nyuma ya anwani moja. Rauta ya hoteli ya Kapsoya haikuweza tena kugongwa kutoka nje, kwa kuwa haikuwa na mlango wake barabarani. Fundi akaanza kupitia kompyuta ya dukani: anampigia mwenye duka, anamwomba afungue TeamViewer, programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, na kumsomea nambari, kisha kutoka kwenye kompyuta hiyo anaingia kwenye rauta. Nilizoea sauti za wateja wakisoma nambari hizo. "Madam, andika tatu, saba, saba, mbili..." Mama mmoja mwenye hoteli karibu na stendi alizikariri, na wahudumu wake walipozikariri pia, kompyuta ya hesabu za hoteli ikawa wazi kwa kila aliyewahi kufanya kazi pale, hata waliokwisha kuondoka.

Nimesema kompyuta ya hesabu, na hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea wanapofikiria usalama wa waifai. Wanadhani mwizi anataka kuiba bando. Wapo wa namna hiyo, vijana wa mtaa wenye programu ya kubahatisha pini ya WPS, udhaifu uliotangazwa Desemba 2011. Hasara yao ni ndogo. Mwizi hatari hataki bando lako. Anataka kukaa ndani ya rauta, mahali ambapo kila kitu kinapita. Akishaketi humo anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa benki usio wa benki. Anaweza kukitumia kifaa chako kuwashambulia watu wa nchi nyingine, na anwani itakayoandikwa kwenye lawama ni yako.

Mwaka 2016 tuliliona hilo kwa macho. Mei mwaka huo mdudu wa kompyuta alienea kwenye antena za Ubiquiti kote duniani. Kampuni ilikuwa imetoa toleo la programu lililoziba tundu alilopitia tangu Julai 2015, karibu mwaka mzima kabla, lakini antena hazijisasishi zenyewe. Mdudu aliingia kupitia ukurasa wa usimamizi bila kuhitaji nywila yoyote, akajiwekea akaunti, akatafuta antena jirani, na baadhi akazirudisha hali ya kiwandani. Kwa mtu aliye na rauta mezani, hiyo ni kero ya dakika kumi. Kwa antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 30 kwenye shamba la ngano, ni kupanda. Vijana wa Eldoret walipanda milingoti wiki zile hadi mikono ikachubuka, wengine bila mikanda, na fedha zilizookolewa miaka yote kwa kutokwenda shambani zililipwa kwa siku chache.

Oktoba ya mwaka huohuo Mirai ikatikisa Marekani. Programu hiyo haikuwa na ustadi wa ajabu. Ilibisha hodi kwenye telnet za kamera na rauta ikijaribu orodha ya jozi 62 za majina na nywila za kiwandani. Vifaa vilivyofunguka vilikusanywa kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo liliiangusha kampuni ya Dyn, iliyoelekeza watu kwenye tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufika Twitter wala Netflix. Kamera ya aina ileile ilikuwa inauzwa kwenye maduka yetu ya vifaa vya umeme, na bado ilikuwa inauzwa mwaka uliofuata.

Lakini pigo lililotugusa kwa karibu ni la 2018, kwa sababu lilihusu MikroTik, na MikroTik ndiyo uti wa mgongo wa watoaji wadogo wa intaneti Kenya nzima. Kampuni hiyo ya Riga, Latvia, hutengeneza rauta za bei nafuu zinazoweza kufanya karibu kila kitu, na mafundi wa hapa huzisimamia kwa programu iitwayo Winbox, kupitia lango 8291. Aprili 2018 likagunduliwa tundu: mtu wa nje aliweza kuomba faili ya watumiaji kupitia lango hilo akapewa, bila kuulizwa chochote, na ndani yake kulikuwa na majina na nywila. Kampuni ilitoa dawa upesi sana. Wenye vifaa hawakuinywa. Kufikia Agosti rauta zaidi ya 200,000 duniani, nyingi za kwanza zikiwa Brazil, zilikuwa zinatumiwa na wezi kuchimba sarafu za kidijitali: kurasa zilizopita ndani yake zilibebeshwa programu ya kuchimba. Mei mwaka huohuo, watafiti wa Cisco walikuwa wametangaza VPNFilter, iliyokuwa imeingia vifaa 500,000 katika nchi 54, na FBI ikawaomba watu wa kawaida wazime rauta zao na kuziwasha tena.

Niliitwa na mteja mmoja, mwenye nyumba za kupangisha upande wa Annex, akilalamika kwamba simu za wapangaji zinachemka na chaji haikai. Nilipoingia kwenye rauta yake nilikuta kazi zilizopangwa ambazo hakuna fundi aliyezipanga, seva za majina zilizobadilishwa, na akaunti ya ziada yenye jina linalofanana na la mfumo wenyewe. Lango 8291 lilikuwa wazi kwa dunia yote. Alikuwa amemlipa fundi wa kwanza, amemlipa wa pili, na hakuna aliyemwambia kwamba kifaa kile kinahitaji kusasishwa kama gari linavyohitaji kubadilishwa mafuta. Jambo lililoniumiza ni kwamba kila mmoja kati yao alikuwa fundi hodari.

Sheria ilikuja mwaka huohuo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilitiwa saini Mei 16, 2018. Vifungu vyake 26 vilisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi huohuo baada ya Chama cha Wanablogu kwenda kortini, na Februari 2020 mahakama ikasema sheria inasimama. Anayeingia kwenye mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Watu wengi walizozana juu ya vifungu vya uhuru wa kusema, na walikuwa na haki ya kuzozana. Mimi nilisoma neno idhini mara nyingi. Mlingotini hapa idhini huisha muda mrefu kabla ya ufunguo. Fundi anaacha kazi Ijumaa. Nywila yake inaendelea kufanya kazi Jumatatu, na Jumatatu ya mwaka unaofuata. Visa vingi nilivyoitwa kuvitazama havikuwa vya Mrusi wala Mbrazili. Vilikuwa vya kijana aliyegombana na mwajiri juu ya mshahara na akakumbuka nywila.

Machi 2020 barabara zilifungwa tena, safari hii kwa sababu ya korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na Aprili 6 kuingia na kutoka Nairobi kukazuiwa. Vyuo vilikuwa vimefungwa. Wanafunzi wa Moi na wa Chuo Kikuu cha Eldoret walikuwa nyumbani wakitakiwa kusomea mtandaoni. Kila nyumba ya Elgon View, Pioneer na Langas iliyoweza kulipia ilitaka waifai mara moja. Niliogopa kwamba tutarudia Januari 2008, na kwa wengi ndivyo ilivyokuwa: kurasa zikafunguliwa kwa nje, nywila zikagawanywa kwenye makundi ya WhatsApp.

Tofauti moja ilikuwepo. Tarehe 29 Machi 2020, siku mbili baada ya amri ya usiku kuanza, toleo la Linux 5.6 lilitoka likiwa na WireGuard ndani yake. WireGuard ni njia ya siri kati ya vifaa viwili: rauta yenyewe ndiyo inayotoka nje kumtafuta fundi wake, ikimtambua kwa ufunguo, na kwa mtu mwingine yeyote anayebisha haijibu kabisa. Rauta haihitaji anwani ya umma wala mlango ulioachwa wazi. MikroTik waliiweka kwenye toleo lao la saba, lililotangazwa kuwa imara mwishoni mwa 2021, na tangu hapo naweza kukaa Kapsoya nikahudumia kambi ya wanariadha Iten, ukingoni mwa bonde kwa mwinuko wa mita 2,400, huku lango 8291 likiwa halionekani na mtu mwingine duniani. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii, kilicho rahisi na kilicho salama vilikuwa kitu kimoja.

Walioipokea WireGuard upesi ni wachache. Biashara iliyokua baada ya 2020 ni waifai ya mtaa: kijana ananunua laini moja ya nyuzi, anapandisha antena juu ya ghorofa Huruma au Kimumu, wakazi wanalipa shilingi chache kwa M-Pesa na kupata saa zao. Nawaheshimu vijana hawa. Wameleta intaneti pale ambapo kampuni kubwa hazikuona faida. Lakini wengi husimamia kila kitu kwa akaunti moja ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wao. Nyumba mia tatu, ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko kwenye simu inayoweza kunyakuliwa stendi ya matatu. Ndani ya mfumo huo kuna nambari za simu za wateja, saa walizoingia, na kifaa walichotumia. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na orodha hiyo si mali ya kijana huyo kuiacha popote. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, na waifai ya bure ya serikali inaendelea kutundikwa sokoni na stendi. Nikipita chini ya kifaa kama hicho sijiulizi kina kasi gani. Najiuliza ni watu wangapi wanaweza kukiingia usiku huu, na kama kuna ofisa anayeweza kuwataja kwa majina.

Kwa upande wangu nilibadili namna ya kukabidhi kazi. Kila mtu anayeingia ana akaunti yake; hakuna nywila ya fundi. Telnet inazimwa kabla antena haijapandishwa, ikiwa bado mezani, kwa sababu juu ya mlingoti hakuna anayekumbuka. Vifaa vya usimamizi hukaa kwenye mtandao wao, mbali na ule wa wageni wanaokunywa chai. Mteja anapewa daftari lenye orodha ya vifaa, toleo la programu na tarehe ya mwisho ya kusasisha, pamoja na bahasha iliyofungwa yenye ufunguo mkuu, ambayo huiweka pamoja na hati zake za biashara. Wateja wengine walicheka mwanzoni. Mzee mmoja wa Kaptagat aliniambia, "Sasa msichana wangu, unanipa ya nini na mimi sijui hata kuwasha?" Nikamjibu kwamba si lazima ajue kuwasha, mradi ajue ni nani anayeweza.

Yule mama wa hoteli karibu na stendi alichukua fundi mwingine mwaka jana, kijana aliyehitimu Eldoret National Polytechnic, kwa sababu anakaa karibu na bei yake ni nafuu. Alinialika nije nikabidhi. Tuliketi meza ya nyuma, wahudumu wakituletea chai na mandazi, bahasha ikafunguliwa mbele yetu sote. Kijana aliingia, akatengeneza akaunti yake, akaweka ufunguo mpya, kisha akaifuta akaunti yangu bila kuona haya, na mama akaandika tarehe kwenye daftari. Nilijaribu kuingia kwa simu yangu nikiwa palepale. Ilikataa. Kijana akauliza kama tundu la 2018 lilikuwa limezibwa kwenye kile kifaa cha ghorofa ya juu, tukapanda kwenda kukitazama.